Barua Iliyobaki Japani

Kazi yangu ni namba. Nina miaka kumi na moja hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kama wakala wa forodha, na kama kuna kitu vidole vyangu vinakijua bila kusaidiwa na macho, ni namba ya chesisi: herufi na tarakimu chache za modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Gari limeshushwa Mombasa, limeendeshwa usiku kucha na kijana mwenye macho mekundu, limeingia yadi. Nafungua mlango au boneti, nasoma kibati, nalinganisha na karatasi, nafunga. Nikikosea tarakimu moja, mteja wangu analala mpakani na mimi nalala na matusi yake.

Katika kufungua na kufunga huko nimeona stika za kila namna. Za mnada, za kubadilisha oili, za maegesho, na moja ya paka aliyevaa kofia. Kuna nyingine ndogo hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, karibu na kile chuma kinachong'atwa na kitasa mlango unapofungwa. Ina maandishi ya Kijapani na namba, basi. Kwa miaka kumi niliwaambia wateja kwamba ni ya oili.

Mwanzoni mwa mwaka jana kijana mmoja wa kuleta magari aliniuliza, "Aunti, hii ni ya nini?" Nikamjibu kama kawaida yangu. Akacheka kwa adabu, akatoa simu na kuielekeza kamera kwenye stika. Programu ya kutafsiri ikatoa Kiswahili chake kilichovunjika mbavu, lakini maana ilionekana: gari hili liliitwa na kiwanda, na kasoro yake imerekebishwa.

Mambo yenyewe ni hivi. Kiwanda cha Japani kikigundua kasoro ya usalama katika magari ambayo tayari yameuzwa, kinaiarifu wizara yao ya uchukuzi, kisha kinamwandikia barua kila mwenye gari: lete gari, tutalitengeneza bure. Likishatengenezwa linabandikwa stika yenye namba ya wito huo kwenye nguzo ya mlango. Yaani magari yale yote niliyokuwa nayasingizia oili yaliwahi kuugua, yakaitwa, yakatibiwa na kupewa cheti.

Jioni ile nilitoka na tochi ya simu hadi kwenye gari langu mwenyewe. Nguzo ilikuwa safi, hata alama ya gundi haikuwepo.

Ingekuwa gari lisilo na historia ningelala usingizi wangu. Lakini lilikuwa nayo. Ni gari dogo la mwaka 2018, nililolipata kwa mkopo wa SACCO ambao bado naulipa (jina la kampuni yake nalibana). Mara ya kwanza lilinizimikia karibu na Kakira, nyuma yangu trekta linavuta matela mawili ya miwa. Halikukohoa wala kutoa onyo. Injini ilinyamaza tu, usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na nilipokanyaga breki kwa mara ya tatu ilikuwa imegoma kama ukuta. Mara ya pili ilikuwa kwenye msitu wa Mabira, saa moja jioni, mama yangu kakaa kando yangu. Mama alianza kusoma dua kabla mimi sijajua kwamba injini imezima. Tuliteleza hadi ukingoni na tukakaa pale nusu saa, malori yakipita na kututikisa. Nilipojaribu tena, likawaka kana kwamba halikufanya kitu.

Fundi wangu wa Tororo ni mtu mwema na ana mikono ya dhahabu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, mafuta unanunua wapi?"

Nilinyamaza. Mpakani hapa kila mtu ana dhambi yake ya mafuta. Nani hajawahi kujaziwa kwa dumu? Basi nikakubali kosa. Akabadilisha plagi, nikalipa. Akabadilisha filta, nikalipa. Akateremsha tangi na kulisafisha, nikalipa, na siku hiyo aliniombea pia. Mwezi uliofuata likazima tena.

Baada ya mambo ya stika niliingia kwenye tovuti ya kiwanda huko Japani, simu nyingine mkononi kwa ajili ya kutafsiri. Nawaambia hili kwa sababu wengi hukwama hapa: gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Ukiipeleka namba yako kwenye tovuti ya Kimarekani itakataa, nawe utadhani gari lako ni safi. Nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni hiyohiyo, tafuta ukurasa wa wito, andika sehemu ya modeli kwenye kisanduku kimoja na tarakimu za baada ya kistari kwenye kingine. Mimi nilizijua kwa moyo.

Jibu lilikuja kwa sekunde chache. Gari lako limo. Kazi haijafanyika.

Kasoro ilikuwa kwenye pampu ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tangi. Mle ndani mna gurudumu dogo la plastiki lenye meno, nalo ndilo linalosukuma petroli kwenda kwenye injini. Plastiki ile haikutengenezwa kwa msongamano unaotakiwa. Inafyonza petroli polepole, inavimba, inaanza kukwaruza ukuta wa pampu, na siku moja inakwama. Injini inakosa mafuta na gari linazima, pengine katikati ya barabara. Niliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nne. Kumbe kuna mtu ofisini huko Japani alikuwa ameiandika safari yangu ya Mabira kabla sijalinunua hilo gari.

Na barua ilikuwa imetumwa kwa mtu wa kwanza, mwenye gari aliyesajiliwa, mahali fulani Japani. Labda aliitia kwenye droo. Labda ilifika wakati gari limeshapelekwa mnadani. Mimi nimeijua kwa kuchelewa, na ni bahati tu ya kijana mwenye simu nzuri.

Nimeufikiria sana mpango huu wa wito tangu wakati ule, na naona umesimama juu ya kitu kimoja tu: anwani. Marekani walitunga sheria yao ya usalama wa magari mwaka 1966, Japani wakaanza utaratibu wao mwaka 1969, na pande zote mbili hesabu ni ileile. Serikali inajua gari namba fulani ni la nani na anaishi wapi, kwa hiyo kiwanda kikikosea, kinajua pa kubisha hodi. Ukiondoa anwani, kinabaki kiwanda kinachopiga kelele kwenye nyumba tupu.

Na anwani inaondolewa na karatasi ninayoishika mimi kila siku. Kila gari la Japani linakuja na hati ya kufutiwa usajili kwa ajili ya kuuzwa nje. Karatasi inayotangaza kwamba gari limekufa kwao ndiyo inayolizaa kwetu. Kwenye fomu zangu kuna mahali pa chesisi, pa injini, pa ukubwa wa injini, pa rangi, pa mwaka. Mwaka tunauangalia sana, kwa kuwa tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Katika miaka yangu yote sijakutana na kisanduku kinachouliza: je, gari hili liliitwa, na lilikwenda?

Baba yangu alikuwa askari. Tulikulia kambini Jinja, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya paredi na ya jikoni pia. Kila gari lililopinduka alilisemea neno moja: ajali haina kinga. Akishalisema, hakuna aliyeuliza zaidi. Redioni nako tumezoea kusikia mwendo wa kasi, kupita gari jingine mahali pabaya, dereva kusinzia. Mara nyingi ni kweli. Mimi huwaona hao madereva wanavyofika hapa. Lakini neno la baba na neno la redio yana ubaya mmoja, kwamba yote mawili hayamwachi mtu yeyote afungue kile chuma na kukitazama.

Wajapani wenyewe walishaonja hilo. Tarehe 10 Januari 2002, katika jiji la Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi, likabingirika na kumgonga mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili wa kiume. Mama akafa, watoto wakaumia. Kampuni ikasema lori halikutunzwa vizuri na wenyewe. Maneno ya fundi wangu hasa: mafuta unanunua wapi? Ilichukua hadi Machi 2004 kampuni ya Mitsubishi Fuso kukiri kwamba kasoro ilikuwa kwenye habu yenyewe, lile kombe la chuma linaloshika gurudumu, na kuyaita malori zaidi ya laki moja. Tena hiyo haikuwa mara yao ya kwanza kuficha. Mwaka 2000 wakaguzi wa wizara walikuta Mitsubishi Motors, kampuni mama ambayo Fuso ilikuja kutengwa kutoka kwake, imekuwa ikiweka malalamiko ya wateja mafungu mawili, la kuonyesha serikali na la kuficha, na mengine yalikuwa yamefungiwa kwenye chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo. Ilikiri kwamba mtindo huo ulianza miaka ya sabini.

Simaanishi Fuso zinazopita hapa na mkaa na matoke zina habu zile. Namaanisha kwamba hata kwenye nchi yenye anwani, barua na wizara, kwa miaka miwili jibu rasmi lilikuwa kosa ni la mwenye lori.

Sasa eabegi. Mada hii imenigombanisha na wauza magari wawili ninaowaheshimu, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Mfuko wa hewa unatakiwa ujae kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna pampu ya upepo inayoweza kufanya hivyo, kwa hiyo nyuma ya mfuko kuna kikopo cha chuma chenye baruti. Inawaka, inatoa gesi, gesi inajaza mfuko. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyowahi kuwa maarufu kwa mikanda ya usalama, ilichagua baruti ya amonia naitreti, kemikali ileile ya mbolea na ya kulipulia miamba. Ni rahisi, na ina nguvu. Ila haipendi unyevu. Joto likipanda mchana na kushuka usiku, unyevu ukipenya kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, vile vidonge vya baruti vinapata vinyweleo na vinaanza kuwaka haraka kupita kiasi. Siku ya ajali, badala ya kikopo kutoa gesi, kinapasuka chenyewe, na vipande vya chuma vinapita katikati ya mfuko kwenda shingoni na usoni kwa mtu. Pengine ajali yenyewe ilikuwa ndogo, ya kugusana tu kwenye foleni.

Wito wa kwanza wa eabegi hizo, wa Honda, ulikuwa mwaka 2008 na ulihusu magari elfu chache. Ulipomalizika kukua, Marekani peke yake vikopo vya kubadilishwa vilifika takriban milioni 67, na duniani karibu milioni 100. Hakuna wito wa magari ulioufikia. Zaidi ya watu 25 wamekufa Marekani na zaidi ya 400 wamejeruhiwa. Malaysia nako watu wamekufa. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la jinai, ikatozwa dola bilioni moja, na Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Kilichonikaa rohoni ni ramani. Wamarekani walipopanga nani atengenezewe kwanza, walianza na Florida na pwani ya Ghuba ya Meksiko, kwa sababu kule kuna joto na unyevu. Nikafikiria Mombasa, gari linapokaa bandarini vioo vimefungwa. Nikafikiria Entebbe na Jinja, na mvuke wa ziwa.

Na kuna hili la pili. Kuanzia Mei 2018 Japani iliamua kwamba magari yenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa hayatapita ukaguzi wao wa lazima, wanaouita shaken. Ni uamuzi mzuri kwa Mjapani. Lakini tazama kwa jicho la mtu wa forodha: gari lisilopita shaken haliwezi kutembea kwao, na mwenyewe kama hataki usumbufu ana njia mbili, chuma chakavu au meli. Mimi sikai mnadani Japani, siwezi kusema mangapi yalipanda meli. Rafiki yangu mmoja mwenye bondi, yaani yadi ya kuuzia magari, Kampala aliniambia, "Hajati, wewe unataka kutuharibia soko." Nilimwambia afungue milango ya magari yake na kutazama nguzo. Hakukasirika sana. Alikasirika niliposema habari ya taa ya eabegi kwenye dashibodi, ile ambayo mafundi wa mjini huitoa balbu ili mteja asiulize maswali.

Hata tiba huwa na mambo yake. Baadhi ya vikopo vya kwanza kubadilishwa viliwekwa vipya vya aina ileile, kwa kuwa kipya kilikuwa bado hakijala unyevu. Magari hayo yakaja kuitwa tena. Tiba nyingine ni nyepesi hadi unashangaa. Toyota mwaka 2009, baada ya ajali mbaya ya San Diego ambapo zulia la sakafuni lilinasa kanyagio la mafuta, kwanza waliwaambia watu: toa zulia hilo. Baadaye wakakata makanyagio yawe mafupi na kuongeza programu ya kuifanya breki iishinde injini. Tangu nisome hivyo siwezi kupanda taksi ya kwenda Tororo bila kutazama miguu ya dereva. Wengine wana mazulia matatu, moja juu ya jingine, na la juu ni kapeti ya sebuleni.

Turudi kwenye pampu yangu.

Nilipiga simu kwa wauzaji rasmi Kampala. Sauti nzuri ya binti ikaniuliza, "Madamu, gari ulilinunua kwetu?" La. Basi bure haipo, lakini naweza kulipa, kipuri kiagizwe, nisubiri. Bei aliyoitaja nilimwomba airudie.

Fundi wangu, nilipomwonyesha yote haya, alikaa kimya, akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafurahi. "Kumbe ni pampu! Dada, hiyo ndogo. Nina mtu soko la vipuri la Kisekka, Kampala, ananitumia leo kwa basi, imetoka kwenye gari la mwaka uleule. Laki moja na nusu."

Nikamwambia, Fundi, fikiri. Gari la mwaka uleule.

Hapa ndipo ilipofaa hadithi ya General Motors, na nilimsimulia tukiwa tumekaa juu ya matairi. Magari yao madogo yalikuwa na swichi ya ufunguo iliyolegea. Funguo zikiwa nyingi au goti likigusa, ufunguo unarudi nyuma wenyewe, injini inazima mwendoni, na eabegi hazifanyi kazi. Mwaka 2006 swichi iliboreshwa kimyakimya, ila namba ya kipuri ikaachwa ileile. Kwa miaka wachunguzi hawakuelewa kwa nini magari ya zamani yanaua na mapya hayaui, wakati swichi ni namba moja. Fumbo lilitegulika pale mtaalamu wa upande wa familia iliyopoteza binti alipochukua swichi ya zamani na mpya akazifungua mezani, akakuta springi na kipini cha ndani havilingani. Wito ukatoka mwaka 2014, magari milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Kipande chenyewe hakikufika dola moja.

Fundi alitazama rundo la funguo zangu: za nyumba mbili, ofisi, kabati, na tasbihi. Nikazitenganisha palepale.

Basi tukakubaliana kwamba hatununui pampu, tunanunua namba. Kwenye hati ya wito kulikuwa na namba ya pampu ya zamani. Iliyoboreshwa ina namba tofauti. Ilichukua wiki tano. Mtu wa Nairobi alikuwa nayo kwenye picha, ilipofika ilikuwa ya zamani kwenye boksi jipya, tukairudisha. Mwishowe ilitoka Dubai kupitia Mombasa, ikapita Malaba, na niliijazia fomu mwenyewe. Laki saba na themanini, bila kazi. Fundi alifungua ya zamani kwa bisibisi, kwa udadisi tu. Gurudumu la plastiki lilikuwa na mikwaruzo ukingoni kote, na halikuzunguka kwa kidole. Aliligeuzageuza, akasema, "Na mimi nilikutoza kuosha tangi." Alitaka kunirudishia pesa. Nilimwachia nusu.

Kabla sijaondoka aliniambia ningoje. Akachukua kipande cha gundi ya karatasi, ile ya wapaka rangi, akaandika kwa kalamu nene: PAMPU MPYA, tarehe, na namba nzima ya kipuri. Akafungua mlango wa dereva, akafuta vumbi kwenye nguzo kwa mkono wa shati lake, akaibandika pale wanapobandika Wajapani.

Ilikaa siku tisa. Kijana wa kuosha magari pale karibu na stendi aliibandua akidhani ni uchafu, na alinionyesha nguzo jinsi inavyong'aa.